Kukausha hewa ya nyumba Mombasa: mashine ya nyumba nzima, ya chumba, AC, au madirisha tu?

Dalili anazijua kila anayeishi hapa. Viatu vya ngozi vilivyolala kabatini tangu Idi vimeota koga, chumvi imegandamana kikoponi, mlango wa mbao uliokuwa ukifungika vizuri wakati wa kaskazi sasa unakwama, na shuka lililoanikwa juani likakunjwa likiwa kavu linatolewa kabatini likinuka uvundo. Zamani tulifukiza udi tukaendelea na maisha. Siku hizi watu wameona mtandaoni zile mashine kubwa za kukausha hewa ya nyumba nzima, dihumidifaya, zinazofungwa darini huko Marekani, na swali ni moja: nami nifunge?

Kwa nyumba nyingi za Mombasa, mimi nasema hapana, na sababu iko zaidi kwenye nyumba kuliko kwenye mashine. Nitazilinganisha njia nne zilizopo, lakini usinitarajie nizipe nafasi sawa, maana hazilingani.

Tuanze na adui mwenyewe. Hewa ya Mombasa hukaa na unyevu wa asilimia 75 hadi 80 kwa wastani. Mchana wa jua kali hushuka, usiku hupanda. Ukungu hustawi ndani ya nyumba unyevu ukizidi asilimia 60 kwa muda mrefu, na wale wadudu wadogo wa vumbi wanaoishi magodoroni na kuwasumbua wenye pumu hupenda hewa iliyopita 50. Kwa hiyo shabaha nzuri ni kati ya 50 na 60. Kwa hapa pwani ningeridhika na 60 tu. Anayetaka 45 mwaka mzima ajiandae kuilisha tokeni mita yake kila wiki.

Kabla ya kununua chochote, tafuta higromita, kile kisaa kidogo cha kupima unyevu. Ni rahisi kuliko kitu kingine chochote kitakachotajwa hapa. Ukitaka kujua kama inasema kweli, lowanisha chumvi ya jikoni iwe kama uji mzito, uiweke kwenye kisoda, ufungie kisoda na higromita pamoja ndani ya mkebe usiopitisha hewa, uviache hadi kesho yake. Isome 75. Ikisoma 70, unajua ongeza tano kila mara.

Kisha jua kama unyevu unatoka hewani au ukutani. Gundisha kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu, kizibwe pande zote nne, ukiache siku mbili. Maji yakijikusanya nyuma ya nailoni, ukuta wenyewe una maji: paa bapa la zege linavuja, tangi la juu linafurika, bomba limepasuka ndani ya ukuta, au maji yanapanda kutoka kwenye msingi. Hapo anayehitajika ni fundi wa ujenzi. Maji yakiwa upande wa mbele, wa chumbani, hapo ndipo mazungumzo ya mashine yanaanza. Nasisitiza hili kwa sababu nyumba nyingi hapa zilijengwa kwa mchanga wa ufuoni au maji ya kisima yenye chumvi, na chumvi iliyomo ukutani hunyonya unyevu wa hewa milele. Rangi inayobanduka na kuacha unga mweupe ndiyo alama yake. Ukikausha hewa ya chumba chenye ukuta kama huo kwa kasi, chumvi inatoka nje haraka zaidi na plasta inamong'onyoka.

Mashine ya nyumba nzima

Hii imebuniwa kwa nyumba za aina fulani: zilizozibwa vizuri, zenye mifereji ya bati darini inayosambaza hewa ya AC vyumba vyote. Kule Florida au Houston, nyumba nyingi ziko hivyo. Mashine inaunganishwa na ile mifereji, inavuta hewa, inaipitisha kwenye koili baridi, maji yanadondoka na kutoka kwa bomba, hewa kavu inarudi vyumbani. Hakuna ndoo ya kumwaga, kelele iko darini, na kiwango unakiweka mara moja tu. Kwa nyumba iliyo sawa, ni kifaa kizuri sana, na kwa kila yuniti ya stima hutoa maji mengi kuliko mashine ndogo.

Sasa tupige hesabu ya Mombasa. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba karibu gramu 22 za maji katika kila mita ya ujazo. Ili ishuke hadi asilimia 55, zibaki gramu 15. Kila mita ipunguzwe gramu saba. Nyumba ya mita za mraba 100 yenye dari ya mita tatu ina mita za ujazo 300, kwa hiyo maji ya kutoa ni lita mbili na kidogo. Si kitu, mashine inazimaliza saa moja au mbili. Lakini hewa haikai. Nyumba iliyozibwa vizuri hubadilisha hewa yake yote labda mara moja kila saa mbili, na kila ikibadilika zinaingia lita mbili nyingine: lita 25 kwa siku. Nyumba ya kawaida yenye mianya midogo, inayobadilisha hewa kila saa, inahitaji lita 50. Nyumba yenye madirisha ya vioo vya luva, matundu ya hewa juu ya milango, na upepo wa kusi unaopita kutoka sebuleni hadi jikoni hubadilisha hewa mara tano kwa saa, pengine zaidi. Hizo ni lita 250. Mashine nyingi za nyumba nzima zinatoa kati ya lita 33 na 60 kwa siku. Kuzifunga kwenye nyumba ya luva ni kuteka maji kwa pakacha.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalitaji, nalo kwetu ni zito kuliko kwao: joto. Mvuke unapogeuka maji huachia joto lake, karibu yuniti 0.7 ya nishati kwa kila lita, na juu yake kuna stima inayoliwa na kompresa, ile pampu inayozungusha gesi ya kupoza, nusu yuniti hivi kwa lita kwa mashine nzuri. Joto lote hilo linabaki ndani. Kwa zile lita 25 za nyumba iliyozibwa vizuri, ni zaidi ya kilowati moja ya joto, usiku na mchana, ndani ya nyumba ya Mombasa. Huko Marekani AC ndiyo inayolitoa. Wewe usiye na AC utabaki na nyumba kavu isiyokalika mwezi wa pili. Na tokeni? Yuniti 12 au 13 kwa siku, kabla hujaiwasha AC. Chukulia shilingi 30 kwa yuniti (risiti yako itakupa bei yako halisi) na unakaribia shilingi 400 kila siku.

La tatu ni la kiufundi na limewaumiza wengi wanaoagiza vitu kutoka ng'ambo. Mashine nyingi za nyumba nzima zinatengenezwa kwa soko la Marekani: volti 120, hezi 60 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde). Stima yetu ni volti 240, hezi 50. Transfoma itashusha volti, lakini haibadilishi hezi, na kompresa iliyoundwa kwa 60 ikizungushwa kwa 50 huenda polepole na kupata moto. Asiyekuonyesha kibandiko chenye 240 na 50, na asiyeweza kukutajia fundi atakayepata vipuri hapa nchini, usimpe pesa.

Nani basi aifunge? Anayejenga sasa, nyumba kubwa Nyali au Vipingo, mwenye mpango wa AC ya mifereji, madirisha yenye mipira ya kuzibia, na bajeti ya kuendesha vyote viwili. Huyo aiweke kwenye ramani mapema, maana kupasua dari baadaye ni ghali. Pia nyumba ya likizo inayofungwa miezi mingi, kama imezibwa kweli na ina stima ya kuaminika: hakuna anayefungua mlango, hakuna anayepika, na mashine hufanya kazi kidogo sana. Wengine wote, soma mbele.

Mashine ya chumba

Hesabu ile ile ikirudiwa chumbani inatoa jibu tofauti kabisa. Chumba cha kulala cha mita nne kwa nne kina mita za ujazo 48. Funga mlango na madirisha, kisha ongeza jasho na pumzi za watu wawili usiku kucha, na bado maji ya kutoa ni lita tano hivi kwa siku. Mashine ndogo ya kompresa inayoandikwa lita 20 inaziweza bila kuhema.

Mbona ya lita 20 kwa kazi ya lita tano? Kwa sababu namba ya kwenye boksi kwa kawaida hupimwa katika nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Chumba kikishaanza kukauka, mashine inatoa nusu ya hapo au chini. Zile zinazotoka Marekani hupimwa kwa hewa ya baridi zaidi na huandikwa kwa painti, ambayo ni chini kidogo ya nusu lita, kwa hiyo usizilinganishe namba kwa namba.

Hapa ndipo penye utapeli mwingi pia. Mtandaoni utaona vikopo vyeupe maridadi, bei ya chini, vikiitwa jina lile lile. Hivyo havina kompresa. Hutumia kibamba kidogo cha umeme kinachopoza upande mmoja, na hutoa robo lita hadi nusu lita kwa siku. Kwa kabati, sawa. Kwa chumba, ni pambo. Njia rahisi ya kuvitambua ni kuinua: mashine ya kompresa ina kilo kumi na kuendelea, na kibandiko chake husoma wati 200 hadi 500. Kikopo ni chepesi na wati zake hazifiki mia. Aina nyingine, yenye gurudumu la kemikali linalopashwa moto, ni ya nchi za baridi. Hapa italeta joto zaidi tu.

Unaponunua, angalia kama ina tundu la kuunganisha mpira wa kutolea maji hadi bafuni, na kama inajiwasha yenyewe stima ikirudi. Ukikosa la kwanza, ndoo itajaa usiku na mashine itazima. Ukikosa la pili, stima ikipotea saa nane usiku utaamkia chumba kilekile cha jana. Iunganishe kupitia kile kifaa cha kulinda friji dhidi ya stima inayopanda na kushuka. Hewa ya bahari inakula koili, basi ipanguse vumbi, osha chujio kila mwezi, na usiiweke karibu na dirisha linaloelekea ufuoni. Maji yanayotoka piga nayo deki, mwagilia maua au mimina chooni siku za mgao, usiyanywe.

Joto lipo hapa pia, ila ni dogo, na kuna namna ya kulikwepa. Iwashe mchana chumbani ukiwa hamna mtu, kabati zikiwa wazi, uizime saa moja kabla ya kulala. Kwa msimu wa kusi, Juni hadi Agosti, wakati hewa imepoa na hakuna anayetaka AC lakini kila kitu kinanuka, hakuna kifaa kinachoishinda. Kwa stima, lita tano zitakula yuniti tatu au nne, shilingi mia moja hivi kwa siku.

AC uliyonayo tayari

AC yoyote hukausha hewa inapopoza, na tofauti yake na mashine hizo mbili ni kwamba joto inalitoa nje. Kuanzia Novemba hadi Machi, jua linapochoma, AC ya inveta, ile inayoongeza na kupunguza kasi ya kompresa badala ya kuwaka na kuzima, iliyopimwa vizuri, ndiyo chaguo langu bila kusita: unapata ubaridi na ukavu kwa stima ile ile.

Shida iko kwenye vipimo na matumizi. Watu hupenda kufunga kubwa ili wapoe haraka. AC ya BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kwenye chumba kidogo inafikisha ubaridi dakika chache na kuzima kabla maji hayajadondoka, halafu feni inaendelea kupuliza juu ya koili yenye maji na kuyarudisha hewani. Matokeo ni ubaridi wa majimaji, ule wa kujifunika blanketi huku mto unanuka. Weka feni kwenye otomatiki. Jaribu kitufe chenye alama ya tone la maji, hasa jioni za masika. Na usishushe hadi 18. Hewa yetu ya nje huanza kudondosha maji kwenye chochote kilicho chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo ukuta wa chumba kilichogandishwa hulowa upande wa pili, kule sebuleni nyuma ya sofa, na ukungu unaota mahali ambapo hakuna AC. Nyuzi 25 au 26 zinatosha.

Halafu lile bomba jembamba la kutolea maji ya AC. Likiziba kwa utelezi, maji yanarudi ukutani, na nimeona watu wakitafuta mashine ya kukausha hewa kumbe unyevu wote unatoka kwenye AC yao wenyewe. Fundi akija kusafisha, mwambie amimine maji na uyaone yakitoka nje.

Kidokezo kimoja cha kando: zile feni za kuwekwa maji na barafu, zinazouzwa kama AC isiyohitaji fundi, zinapoza kwa kuongeza mvuke. Garissa zinafaa. Mombasa unanunua tatizo ulilokuwa nalo.

Madirisha, feni na vidogo vinginevyo

Upepo haushushi unyevu chini ya ule wa nje, na wa nje ni mwingi. Unachofanya ni kuzuia hewa isisimame kwenye pembe, nyuma ya makabati na chini ya vitanda, na kufukuza mvuke wa jikoni na bafuni. Kwa nyumba isiyofungika, hii ndiyo njia pekee ya akili. Hewa hukauka zaidi kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri, basi hapo ndipo ufungue kabati na uwashe feni ielekee ndani yake, usiku zifunge. Sogeza kabati sentimita kumi kutoka ukutani. Nguo usizianike ndani: mzigo mmoja wa nguo zilizokamuliwa kwa mkono unaweza kuachia lita mbili au zaidi hewani. Feni ya kutoa hewa nje bafuni na jikoni ni ya bei ndogo na hufanya kazi kuliko watu wanavyodhani.

Vifuko vya kuning'iniza vya kalsiamu kloraidi, aina ya chumvi inayonyonya unyevu, hufaa ndani ya kabati linalofungika, basi. Maji yake ni ya chumvi kali, yanaharibu ngozi na chuma, na watoto wasiyaguse. Makaa ni dhaifu. Kamera, vyeti na misahafu ya zamani iweke kwenye mkebe wa mpira pamoja na jeli ya silika, zile punje za kunyonya unyevu, ambayo ukiipasha moto taratibu unaitumia tena. Udi, nao, unabadilisha harufu. Ukungu unabaki pale pale.

Nyumba gani, njia gani

Nyumba ya Kiswahili Majengo au Likoni, paa la bati, kuta zisizogusa paa: hakuna mashine. Feni, nafasi nyuma ya kabati, na mkebe wa kufungika kwa vitu vya thamani.

Nyumba ya mawe ya matumbawe Mji wa Kale inahitaji subira zaidi. Kuta zile nene zilijengwa kwa chokaa, nazo hupumua: hunyonya maji na kuyaachia. Zikipakwa saruji na rangi ya plastiki, maji yanakwama ndani. Kabla ya mashine, rudishia chokaa pale palipofura, na kumbuka kwamba ni eneo la uhifadhi, kwa hiyo boksi la AC upande wa barabarani ni jambo la kuombea idhini kwanza. Baada ya hapo chagua chumba kimoja, ukifunge vizuri, na mashine ya chumba iwekwe hapo, ikiendeshwa polepole kwenye 60.

Fleti ya Nyali, Tudor au Bamburi yenye madirisha ya alumini: AC ya inveta chumbani kwa kaskazi, mashine ya chumba kwa masika na kusi. Ukilazimika kununua kimoja tu na joto unalivumilia, chukua mashine ya chumba. Ukiwa na mtoto mwenye pumu, chumba chake ndicho cha kwanza, na kama daktari ameshatoa maelekezo, yafuate hayo kabla ya yangu.

Mpangaji naye ana hesabu yake. AC ukiifunga leo, ukihama inakuwa ugomvi wa mashimo ukutani na nani mwenye koili. Mashine ya chumba ina magurudumu. Ila ukuta ukiwa unavuja kutoka kwenye tangi la juu, piga picha ya ile nailoni na maji yake, umtumie mwenye nyumba kabla kodi ya mwezi ujao haijafika.